Maji Yasisimame: Somo juu ya Bwawa la Kuogelea la Nyumbani



Mwezi wa kumi unapofika hapa Kolwezi, kabla mvua hazijashika vema, jua huwa kali na vumbi jekundu hujaa hewani. Watoto hutafuta maji. Wengine huenda mtoni. Wengine huenda ziwa Nzilo, lililotokea hapo mto Lualaba ulipozibwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 ili kupata umeme wa migodi. Wengine hushuka hata katika mashimo ya migodi yaliyojaa maji. Kila mzazi aijua hofu hii: mtoto ametoka mchana, na jua linatua naye hajarudi.

Basi si ajabu kwamba wazazi wenye uwezo na wenye nyumba za wageni hununua bwawa la kuogelea, au pisini kama wengi wanavyoliita, la namna ile inayosimama juu ya ardhi, yenye ukuta wa plastiki na miguu ya chuma. Makanisa mengine yanayobatiza kwa kuzamisha hutumia bwawa la namna hiyo hiyo. Jambo hili ni jema. Walakini lina hatari yake, na somo hili limeandikwa ili hatari hiyo isiingie nyumbani kwako.

Tuseme baba mmoja amenunua bwawa siku ya Jumamosi. Amelijaza maji, na watoto wa jirani wote wamefurahi. Siku ya nne ukuta unateleza ukiugusa. Juma likiisha, maji yamekuwa ya kijani na sakafu haionekani. Juma la pili viluwiluwi vya mbu vinachezacheza juu ya maji. Mtoto mmoja anaumwa sikio, mwingine anahara. Baba anashangaa, maana maji aliyotia yalikuwa safi. Na pampu iliyokuja pamoja na bwawa ingali ndani ya sanduku lake.

Kosa lake ni nini? Alitia maji safi, lakini aliyaacha yasimame.

1. MOYO, FIGO NA MISHIPA

Fikiri habari za mwili wako. Damu haikai mahali pamoja. Moyo huisukuma, mishipa huichukua, na figo huichuja. Tena figo haziichuji damu mara moja kwa siku na kupumzika. Huichuja damu ile ile mara nyingi, usiku na mchana. Moyo ukisimama, hata damu njema haina faida tena.

Bwawa nalo ni hivyo. Pampu, au pompi, ndiyo moyo wake. Mipira na mabomba ndiyo mishipa. Chujio ndilo figo. Dawa ya klorini ni kama askari waliomo ndani ya damu, wanaopigana na vijidudu. Askari hawa hawawezi kufika kila pembe ya bwawa ikiwa maji hayatembei. Dawa uliyomimina upande mmoja hukaa upande mmoja, na vijidudu huzaana upande wa pili.

Kumbuka basi mambo haya matatu: maji yatembee, maji yachujwe, maji yatiwe dawa. Likikosekana moja, mengine mawili hayatoshi.

2. CHAGUA MAHALI

Maji ni mazito kuliko watu wengi wanavyodhani. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, na uzito wake ni tani 1. Bwawa la mviringo lenye upana wa mita 4, likijazwa kimo cha sentimita 80, lina lita 10,000 hivi, yaani tani 10. Bwawa likisimama mahali penye mteremko, uzito huo wote hulemea upande mmoja. Ukuta ukipasuka, maji humwangusha mtu mzima.

Kwa hiyo chagua ardhi ngumu. Ondoa mawe na mizizi. Chimba upande ulio juu hata ulingane na upande ulio chini. Usijaze udongo mlegevu upande wa chini, maana utadidimia. Pima kwa pimamaji iliyowekwa juu ya ubao mrefu. Kisha tandaza mchanga laini, na juu yake turubai. Usiweke bwawa juu ya shimo la choo, wala chini ya waya za umeme, wala chini ya mwembe unaomwaga majani.

3. MAJI YA KUJAZIA

Maji ya bomba ya REGIDESO yafaa, au ya kisima kilicho mbali na choo. Usitumie maji ya mashimo ya migodi, wala ya kijito ambamo watu huosha mawe ya shaba na kobalti. Chujio la bwawa halitoi madini yaliyoyeyuka, na klorini haiyaui, maana si vijidudu. Mwaka 2018 wachunguzi wa Lubumbashi na Leuven walitangaza kwamba wakazi wa mtaa wa Kasulo, hapa Kolwezi, walikuwa na kobalti nyingi katika damu na mkojo, na watoto kuliko wakubwa. Miili yetu imekwisha kubeba mzigo wa kutosha kutokana na vumbi. Tusiongeze mwingine.

Tena maji ya mtoni na ya ziwani yaweza kuwa na vimelea vya kichocho. Vimelea hivi hutoka katika konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aogaye. Haviishi zaidi ya siku 2 hivi bila kumpata mtu. Ikiwa huna maji mengine, yachuje kwa kitambaa ili konokono wasiingie, yaache siku 2 kamili bila mtu kuyagusa, kisha uyatie dawa.

4. JINSI YA KUUNGANISHA

Tazama ukuta wa bwawa lako. Utaona matundu mawili. Moja ni mdomo wa kunyonya: maji machafu hutokea hapo. La pili ni mdomo wa kurudishia: maji yaliyochujwa huingilia hapo. Njia ya maji ni hii: kutoka bwawani, kupita kikapu kinachoshika majani na nywele, kuingia pampu, kuingia chujio, na kurudi bwawani. Usiigeuze njia hii. Katika seti nyingi ndogo pampu na chujio vimo katika chombo kimoja.

Fuata hatua hizi:

(a) Weka pampu mahali pakavu na pa usawa, chini kuliko uso wa maji, ili maji yaingie yenyewe. Pampu nyingi ndogo haziwezi kuvuta maji kutoka chini kwenda juu.

(b) Funga mipira kwa vikaza vyake. Mpira uwe mfupi, usiokunjika. Kila kona hupunguza nguvu ya maji.

(c) Jaza bwawa mpaka maji yapite matundu yote mawili. Bila hivyo pampu itanyonya hewa.

(d) Fungua kijifuniko cha kutolea hewa kilicho juu ya chujio. Hewa itatoka ikilia. Maji yakianza kutoka, kifunge. Hewa iliyobaki ndani ni kama mtu aliyeziba koo: pampu hulia, lakini maji hayaendi.

(e) Sasa tu washa pampu. Usiiwashe kamwe ikiwa kavu; itaungua.

(f) Elekeza mdomo wa kurudishia upande, usiuelekeze katikati. Hapo maji yote yatazunguka kama uji unaokorogwa chunguni. Uchafu mzito utakusanyika katikati ya sakafu, nawe utautoa kwa urahisi. Uchafu mwepesi utaletwa kwenye mdomo wa kunyonya.

(g) Jaribu kazi yako. Tupa majani machache juu ya maji upande ulio mbali na pampu. Yakizunguka bwawa lote, umefaulu. Yakikaa mahali pamoja, pana pembe iliyokufa. Geuza mdomo kidogo, ujaribu tena.

5. SAA NGAPI KWA SIKU?

Juu ya pampu imeandikwa idadi ya lita inazosukuma kwa saa. Tuseme ni lita 2,500. Bwawa lako lina lita 10,000. Gawanya: 10,000 kwa 2,500 ni saa 4. Wengi husema, "Basi saa 4 zatosha, maji yote yamepita." Sivyo. Maji yaliyochujwa hurudi na kuchanganyika na yale ambayo hayajachujwa, na mengine hupita mara mbili hali mengine hayajapita hata mara moja. Kwa hesabu ya maji yanayochanganyika vema, baada ya mzunguko mmoja ni kama asilimia 63 tu ya maji imepita katika chujio. Baada ya mizunguko miwili ni asilimia 86, na baada ya mitatu ni 95.

Kwa hiyo bwawa hilo lahitaji saa 8 hata 12 kila siku. Chujio likiwa chafu, au mipira ikiwa mirefu, pampu haifikishi lita zilizoandikwa, ongeza saa.

6. KUOSHA CHUJIO

Chujio ni la namna mbili. La kwanza ni la karatasi nene iliyokunjwakunjwa. Zima pampu, chomoa waya, funga valvu, toa karatasi, uioshe kwa maji yenye nguvu kutoka juu hata chini, kati ya mikunjo yote. Ikibaki na rangi ya udongo au ikilegea, weka mpya. Katika wakati wa kiangazi, malori ya migodi yakipita na kuinua vumbi, itazame kila siku.

La pili ni la mchanga. Lina kipimo chenye mshale kinachoonyesha msukumo wa maji. Andika namba ya siku ya kwanza, chujio likiwa safi. Mshale ukipanda kwa nusu ba au zaidi kidogo, mchanga umejaa uchafu. Zima pampu, geuza mkono wa valvu ili maji yapite kinyume, washa tena dakika 2 au 3 hata maji yatokayo yawe meupe. Usigeuze mkono huo pampu ikiwa inafanya kazi, utavunjika. Maji hayo machafu yasiingie kisimani wala kijitoni.

7. DAWA

Chujio hushika vumbi, lakini vijidudu vingi ni vidogo, hupita. Hapo yatakiwa klorini. Kipimo chema ni miligramu 1 hata 3 katika kila lita. Kwa bwawa la lita 10,000, ukitaka miligramu 2, wahitaji gramu 20 za klorini yenyewe. Unga ambao mafundi huuita HTH huwa na klorini asilimia 65 hivi, basi pima gramu 30. Ni kidogo, sivyo? Usitie kwa kukisia.

Koroga unga huo katika ndoo ya plastiki yenye maji, uache utulie, kisha mimina polepole kuzunguka bwawa, pampu ikiwa imewashwa na watu wote wakiwa nje. Angalia: tia unga katika maji, usimimine maji juu ya unga. Usiuchanganye kamwe na asidi wala na dawa nyingine ya klorini, maana hutoa hewa yenye sumu au hulipuka. Uweke mahali pakavu, juu, mbali na watoto, wala si katika chupa ya soda.

Jua kali hula klorini haraka, kwa hiyo tia dawa jioni, na upime tena asubuhi kabla watoto hawajaingia. Vikaratasi vya kupimia hugeuka rangi na kukuonyesha klorini pamoja na kile kipimo kiitwacho pH. pH iwe kati ya 7.2 na 7.8. Ikipanda kufika 8, robo tu ya klorini hubaki na nguvu yake. Ndiyo sababu mtu aweza kutia dawa nyingi, na macho yakawasha, na vijidudu wasife.

Tena kuna kijidudu kiletacho kuhara, jina lake kriptosporidi, ambacho katika kipimo cha kawaida cha klorini chaweza kuishi zaidi ya siku 7. Kwa huyu, ulinzi ni mmoja: mwenye kuhara asiingie bwawani, wala wiki 2 baada ya kupona. Kila mtu aoge kwa sabuni kabla ya kuingia. Mtoto akiharisha ndani ya bwawa dogo, watoe wote, mwaga maji yote, sugua kwa klorini, ukaushe, ujaze upya.

8. UMEME UKIKATIKA

Hapa kwetu waya za umeme mnene hupita juu ya vichwa vyetu kwenda migodini, hali nyumba nyingi hukaa gizani. Umeme wa SNEL ukikatika, moyo wa bwawa umesimama. Ufanye nini?

Kwanza, chomoa waya wa pampu. Umeme ukirudi ghafula, pampu isiwake watu wakiwa majini. Pili, toa majani kwa wavu, ukoroge maji kwa mti safi kuzunguka bwawa asubuhi na jioni, upime klorini, uongeze kama imepungua. Tatu, funika bwawa. Nne, umeme ukirudi usiku, washa usiku. Saa za usiku ni njema sana, maana hakuna anayeoga.

Lakini shika sheria hii hata ukisahau nyingine zote: sakafu isipoonekana wazi, asiingie mtu. Mtoto akizama katika maji ya ukungu, mama aliye hatua mbili tu kutoka kwake hamwoni.

9. ULINZI WA UHAI

Umeme na maji ni adui. Waya wa pampu upitie kifaa kinachokata umeme chenye alama ya 30 mA. Pampu ikae mita 3 na nusu kutoka bwawani. Usiunge waya kwa utepe juu ya ardhi yenye maji. Kwa mabwawa haya madogo, zima na uchomoe pampu kabla watu hawajaingia. Mvua ya radi ikianza, wote watoke.

Mdomo wa kunyonya uwe na kifuniko chenye matundu kila siku. Kikivunjika, bwawa lifungwe. Nguvu ya pampu yaweza kushika nywele za msichana na kumzuia chini ya maji.

Zungusha uzio wa kimo cha mita 1 na sentimita 20 au zaidi, wenye mlango ujifungao. Ondoa ngazi jioni. Mtu mzima mmoja atajwe kwa jina kuwa mlinzi, naye asiwe na kazi nyingine wala simu mkononi. Mtoto anayezama hapigi kelele. Huzama kimya, hata katika maji yanayofika magotini.

10. UKIWA HUWEZI

Labda umesoma haya yote ukasema, "Mimi sina umeme, wala fedha ya chujio." Usione haya. Chukua beseni kubwa tu. Lijaze maji safi asubuhi, watoto wacheze ukiwaangalia, na jioni ulimwage kwenye mboga, ulisugue, uligeuze juu chini lipate kukauka. Beseni linalomwagwa kila siku ni salama kuliko bwawa la fedha nyingi ambalo maji yake yamelala.

Na ikiwa unalo bwawa lililokwisha kuwa la kijani, usingoje mwezi ujao. Weka mbali watoto leo. Ama urudishe maji katika mwendo, uyachuje na kuyatia dawa hata sakafu ionekane, ama uyamwage. Hakuna njia ya tatu, maana mbu huhitaji kama juma moja tu, au siku chache zaidi, kutoka yai hata kuruka, na malaria haiulizi kama maji yale yalikuwa ya mchezo.

MASWALI YA KUJIULIZA

1. Bwawa lako lina lita ngapi, na pampu yako husukuma lita ngapi kwa saa? Basi maji huzunguka mara ngapi kwa siku?
2. Kwa nini mzunguko mmoja hautoshi?
3. Je, ukisimama kando ya bwawa asubuhi hii, waiona sakafu yote?
4. Nani ameagizwa kuwaangalia watoto wakiwa majini? Naye ajua kwamba ameagizwa?
5. Umeme ukikatika jioni hii, nani atachomoa waya wa pampu?

Soma maswali haya pamoja na watu wa nyumba yako, na kila mtu ajibu kwa kinywa chake.